Ruta Sita na Simu ya Saa Saba

Duka la fotokopi lilikuwa na mashine mbili, moja mbovu, na asubuhi ile watu karibu arobaini walikuwa wameshonana mbele ya ile nzima. Wengi walikuwa wanakwenda kujiandikisha katika chuo cha ufundi kilichokuwa ng'ambo ya barabara, na kila mmoja alitaka nakala za vyeti vyake kabla ya saa tatu. Mwenye duka alipokea karatasi huku, akarudisha karatasi kule, bila kuinua uso.

Katika msongamano ule alikuwemo mwanamke wa miaka thelathini na miwili, aliyevaa blauzi ya kijani kibichi iliyopigwa pasi ikanyooka mpaka kwenye mikono. Alipewa bahasha, akaikumbatia kifuani, akajipenyeza nje. Kwa miaka tisa alikuwa karani wa masjala katika hospitali, akipanga mafaili ya wagonjwa. Sasa hospitali ilikuwa imempeleka chuoni kwa wiki sita ajifunze kutunza mtandao wa kompyuta, kwa kuwa mzee aliyekuwa akiutunza alikuwa anastaafu. Mganga mkuu alimweleza bila kuzunguka: akifaulu, nafasi ni yake. Akishindwa, atatafutwa mtu mwingine, na masjala yenyewe ilikuwa inafungwa mwaka ule ule, maana mafaili yote yalikuwa yanaingizwa kwenye kompyuta. Hakuwa na pa kurudi.

Kwenye meza ya usajili alitoa cheti chake cha kuzaliwa akakikabidhi. Mwandikishaji alikitazama, akamtazama yeye, akakitazama tena.

"Dada, hapa wewe ni mwanamume."

Karani alipigwa na butwaa. Kabla hajapata la kusema, akasikia nyuma yake sauti nzito, tulivu, ikisema kwamba basi labda huyo mwanamke aliyemo kwenye bahasha hii atakuwa ni yeye. Aligeuka. Alikuwa mtu wa mabega mapana, shati la mistari ya buluu, kalamu mbili na bisibisi ndogo zimechomoza mfukoni, na nguo zake zilinukia moshi wa risasi ya kulehemu. Alikuwa ameshika cheti cha Karani kwa ncha za vidole, kama kitu kinachoweza kuchafuka.

"Nadhani ulikuwa umenichukua," alisema.

"Wewe ndiye uliyenichukua mimi," Karani akajibu, na mwandikishaji akawaomba wachukuane pembeni, foleni ni ndefu.

Hivyo ndivyo walivyokutana. Yule mtu alikuwa fundi wa redio na televisheni. Kibanda chake kilikuwa bado kinafunguliwa, lakini watu walikuwa wameacha kutengeneza redio, na alikuwa ameona bora ajifunze kazi nyingine kabla mikono haijasahau kufanya kazi.

Darasa lao lilikuwa na watu kumi na wawili. Mkufunzi alikuwa mtu mfupi, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba, asiyeweza kushika jina la mtu hata ukimwandikia mkononi. Alimwita kila mmoja kwa kazi aliyotoka nayo. Kulikuwa na Mwalimu, kulikuwa na Dereva, kulikuwa na Askari. Wale wawili wakawa Karani na Fundi, na kwa kuwa alikuwa amesikia mkasa wa vyeti, akawakalisha pamoja, akisema wameshazoeana.

Chumba cha mazoezi kilikuwa ghorofa ya tatu. Humo mlikuwa na makabati sita ya chuma, kila jozi ya wanafunzi na kabati lake, na katika kila kabati ruta sita, vile visanduku vinavyoamua data ipite njia ipi. Mkufunzi aliwafundisha kwamba ndani ya taasisi moja, ruta huambiana zenyewe njia zilizopo. Kila moja huwatumia majirani zake salamu kila baada ya sekunde kumi. Jirani asiposikia salamu kwa sekunde arobaini, humhesabu mwenzake kuwa amekufa na kuzifuta njia zake zote. Ili mbili ziwe majirani, lazima zikubaliane muda wa salamu na namba ya eneo zilipo. Kitu kidogo kikitofautiana, hazitambuani, hata kama kebo baina yao ni nzima.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: mkufunzi alikuwa ameziharibu kwa makusudi, akayahifadhi makosa yake ndani ya ruta, na kila jozi ilitakiwa iyatafute na kuyasahihisha. Saa tisa alasiri angepita kukagua. Alikuwa na masharti mawili. Asiulizwe, kwa sababu kazini hatakuwepo. Na mtu yeyote asihifadhi masahihisho yake, ili ruta zikizimwa jioni na kuwashwa kesho zirudi na makosa yale yale, darasa lijizoeze tena tangu mwanzo.

Wiki mbili za kwanza zilikwenda vizuri kuliko Karani alivyotarajia. Yeye alikuwa na jicho la masjala. Aliweza kusoma mistari mia mbili ya maandishi kwenye skrini na kusimama palipoandikwa eneo la kumi badala ya sifuri. Fundi alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kuvizia nyaya. Hakuwa na haraka ya kubadilisha kitu. Aliuliza kwanza kipi kinasikika na kipi hakisikiki, upande gani kimya kinaanzia. Wakipata kosa, Karani aliliandika kwenye daftari lao moja, na Fundi alichora kando yake kichwa cha mkufunzi akilia. Karani alizoea kucheka kwa kuziba mdomo, na Fundi akazoea kuutafuta ule mkono ulipoinuka.

Jioni simu zikaanza. Karani aliishi na shangazi yake katika vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, na kwa kuwa kuta zilikuwa nyembamba, alizungumzia barazani.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Umekula?"

"Fundi, umeniuliza hivyo mchana, na jana, na juzi. Unaandika kitabu?"

"Nataka kujua kazi iliyo mbele yangu."

"Kazi gani?"

"Lala salama, Karani wangu," akasema, akakata, na Karani akabaki ameshika simu kama aliyeachiwa mtoto wa watu. Shangazi, aliyekuwa ndani akijifanya anakunja nguo, alitoa uamuzi kwamba mwanamume yule ama ana nia ya kweli ama ana njaa.

Jambo moja tu lilimkaa Karani vibaya. Kila ifikapo saa saba, wakati wa chakula, wenzao wote waliposhuka chini mgahawani, Fundi alitoweka. Alimwambia kwamba kuna mteja wake wa zamani mtaa wa pili, mzee mwenye redio sumbufu, naye huenda kumtazama. Karani aliitikia. Alijiuliza tu ni redio gani inayoharibika kila siku saa ile ile.

Wiki ya tatu mambo yakaharibika. Jumatatu, kabla ya chakula, ruta zao zote sita zilikuwa zinasalimiana na njia zote zimekamilika. Waliporudi saa nane, hakuna iliyomtambua mwenzake. Makosa yote waliyoyasahihisha yalikuwa yamerudi, lile la eneo, lile la muda wa salamu, hata lile la ruta ya nne kuamriwa inyamaze upande mmoja. Walirudia haraka haraka, hawakumaliza. Mkufunzi alipita saa tisa, akaguna, akauliza asubuhi nzima walikuwa wanafanya nini.

Jumanne ikawa hivyo hivyo. Jumatano pia. Makabati ya wenzao hayakuguswa. Dereva na Mwalimu, waliokuwa nyuma yao siku zote, wakawapita. Karani alifungua daftari na kusoma mwandiko wake mwenyewe: ruta ya pili, eneo limesahihishwa, saa nne na robo. Aliikumbuka sauti ya vitufe. Lakini skrini ilimwambia kwamba hakuna kilichofanyika. Alianza kushuku mikono yake. Kisha, kidogo kidogo, bila kupenda, akaanza kushuku ya mwenzake. Hakujua kwamba Fundi naye alikuwa anamtazama kwa pembeni, akijiuliza kama Karani, kwa pupa ya kutaka kumaliza, alikuwa anabadilisha vitu bila kumwambia na kisha kuona haya kukiri.

Alhamisi, Karani alikuwa ameshafika mgahawani alipogundua kwamba miwani yake ya kusomea ameiacha juu. Alipandia ngazi za nyuma kwa kuwa zilikuwa karibu. Alipofika kona ya ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka chumba cha mazoezi, alisikia sauti aliyoifahamu.

"Ndiyo, mke wangu. Nimefika salama. Usitoke nje, jua kali. Nitarudi mapema leo. Na mimi pia, mpenzi."

Karani alishikilia reli ya ngazi. Alirudi chini kimya kimya, bila miwani, akakaa mbele ya sahani yake na kuitazama mpaka saa nane ikagonga. Alipopanda, mtandao ulikuwa umekufa tena, na Fundi alikuwa ameketi mbele ya skrini, paji la uso limekunjamana, akisema kwamba haelewi.

"Redio ya mteja wako imepona?" Karani aliuliza.

Fundi alisema ameiacha inasikika vizuri. Alisema uongo ule kwa utulivu kiasi kwamba Karani alisikia masikio yake yakipata moto.

"Ulikuwa hapa. Kwenye ngazi. Kila siku uko hapa sisi tukiwa chini, na kila siku tukirudi kazi yetu imefutwa."

Fundi aliinua uso polepole. Alisema kwamba yeye hajagusa kitu. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameumia, akaongeza lile alilokuwa amelimeza siku tatu. "Labda ni wewe unayebadilisha bila kuniambia. Ukikosea, ungesema tu. Nisingekucheka."

"Na mkeo anajua unavyoniita jioni?"

Fundi alifungua mdomo, akaufunga. Alionekana kama mtu aliyeulizwa kwa lugha anayoijua lakini aliyekatazwa kuisema. Karani alingoja akane. Angekana hata kwa uongo, angepata wa kugombana naye. Lakini alinyamaza, akainamisha kichwa, na kimya kile Karani alikihesabu kuwa kukiri.

Alikwenda kwa mkufunzi kuomba abadilishiwe mwenzi. Mkufunzi alivaa miwani yake, akamtazama, akasema mtihani wa vitendo ni kwa jozi, jozi hufaulu pamoja na kuanguka pamoja, na ikiwa wana nia ya kuachana wasubiri mpaka upite.

Kwa siku kumi walifanya kazi kama abiria wawili waliopangiwa kiti kimoja. Fundi aliandika kwenye daftari, "Ruta ya tano haisikii ya sita," na Karani aliandika chini yake, "Nimeona." Vichwa vya mkufunzi havikuchorwa tena. Saa saba walikwenda kila mtu na njia yake, na saa nane walikuta makosa yamerudi, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Simu ya Karani ilikaa kimya jioni. Mara mbili iliita, mara mbili akaitazama ikiita mpaka ikachoka. Shangazi aliacha kukunja nguo.

Ijumaa ya wiki ya tano Fundi hakuja. Alituma ujumbe kwa mkufunzi kwamba ana mgonjwa nyumbani. Karani alifanya kazi peke yake, na kabla ya saa saba, kwa jasho jingi, akafaulu kuzipatanisha ruta zote. Alishuka kula. Aliporudi, zote zilikuwa hazitambuani.

Alikaa kwenye kiti kwa muda mrefu. Fundi hakuwepo jengoni. Fundi hakuwepo hata mtaani. Basi ni nani?

Kwa mara ya kwanza hakukimbilia kutafuta makosa. Alifanya kama Fundi alivyozoea kufanya, akauliza ruta yenyewe. Kuna amri inayoifanya ruta ieleze habari zake, na mojawapo ni muda iliokaa imewaka tangu iwashwe. Alitarajia kuona saa sita, tangu asubuhi. Ruta ya kwanza ilisema dakika ishirini na sita. Ya pili, ishirini na sita. Zote sita, dakika ishirini na sita.

Hakuna aliyefuta kitu. Zilikuwa zimezimika na kuwaka, zikasahau kila kisichohifadhiwa na kurudi na makosa ya mkufunzi. Karani alitazama sakafu. Ilikuwa inang'aa, bado ina unyevu kwenye pembe. Alifuata waya wa kabati lake mpaka kwenye soketi ya mlangoni, soketi pekee iliyokuwa upande ule, kisha akatoka ukumbini kumtafuta msafishaji.

Alimkuta ghorofa ya pili, mama mwenye aproni ya kijivu, anasukuma mashine ya kusugulia sakafu. Karani alimsalimia, akamuuliza kwa heshima kama huwa anasafisha chumba cha mazoezi. Yule mama alikubali kwa furaha. Alieleza kwamba ameanza zamu ya mchana wiki tatu sasa, na kwamba huchomoa ule waya wa pale mlangoni dakika chache tu, akimaliza huurudisha vilevile, wala hajawahi kuusahau. Alitaka kujua kama amewaudhi. Karani alisema hapana, akamshukuru, akaenda kusimama dirishani mahali pasipo na mtu, na hakujua kama anataka kucheka au kulia. Jambo moja limefunguka. La pili, lile la mke, lilikuwa limebaki palepale, na sasa lilimuuma zaidi, kwa sababu alikuwa amemshitaki mtu kwa kosa asilolitenda na hata hivyo asingeweza kumrudia.

Alilala na hilo, akaamka nalo. Jumamosi adhuhuri alipiga moyo konde. Atampigia, atamwomba radhi kwa habari ya ruta, basi. Mengine ni yake na nyumba yake.

Simu iliita mara nne. Aliyepokea alikuwa mwanamke.

Karani aliuliza kama Fundi yupo.

"Mume wangu yuko nyuma, anafunga bomba. Nani mwenzangu?"

Kidole cha Karani kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukata. Lakini kulikuwa na kitu katika sauti ile. Ilikuwa laini, nyembamba, yenye mtetemo. Ilikuwa sauti ya mzee.

"Mtu wa kazini," alijibu.

"Wa stesheni?" Yule mwanamke alichangamka. "Afadhali umepiga. Mwambieni mkuu wa stesheni asimpangie safari za usiku. Akiendesha treni usiku, mtoto halali, anamlilia."

Karani alikaa kwenye ngazi za baraza. Fundi hakuwahi kuendesha treni maishani mwake. Aliuliza, polepole, mtoto ana umri gani.

"Sita. Mtundu, usiseme. Jana ameifungua redio yangu, katoa matumbo yote mezani, kuyarudisha hajui. Nimemwambia utakuja kuwa fundi wewe, au mwizi."

Mwanamke alicheka, na Karani naye akacheka, huku machozi yakimtiririka bila kumwomba ruhusa. Waliongea dakika nyingi. Yule mama alimweleza juu ya treni inayofika saa saba kila siku, na mume wake ambaye, akishuka tu, humpigia simu kutoka stesheni kumjulisha kwamba amefika salama. Siku asipopiga, alisema, miguu yake haitulii ndani. Hutoka mpaka barabarani kumwangalia.

Kisha zikasikika hatua, na sauti ya Fundi ikiuliza kwa upole ni nani, na simu ikabadilisha mikono.

Fundi alishusha sauti.

"Umeongea naye?"

"Nimeongea naye."

Alisikika akitembea, mlango ukifungwa nyuma yake. Ndipo akamweleza. Baba yake, dereva wa treni, alikuwa amefariki miaka kumi na moja iliyopita. Mama alianza kusahau mwaka jana, kidogo kidogo, sufuria jikoni, kisha majina, kisha miaka. Dada yake mkubwa hukaa naye mchana. Siku moja mama alitoka saa saba kumsubiri mumewe, wakamkuta katikati ya barabara kuu. Fundi alijaribu kumweleza kwamba baba hayupo tena. Mama alilia siku ile kama vile msiba umetokea asubuhi hiyo. Kesho yake alikuwa amesahau, akatoka tena. Basi saa saba Fundi alipiga simu, akaitengeneza sauti yake ikafanana na ya baba, akasema amefika salama. Mama akatulia ndani. Tangu hapo hajawahi kuacha. Jana dada yake aliumwa, ndiyo maana yeye hakuja chuoni.

"Kwa nini hukuniambia? Siku ile nilipokuuliza, neno moja tu lingetosha."

"Kuna siku akili yake ilitulia, akanishika mkono. Akaniambia, mwanangu, nikizidi, usiniweke mbele za watu. Nikamwahidi. Na ningekwambia nini, Karani? Kwamba kila mchana najifanya mume wa mama yangu? Nilijua ninavyofanya ni wema, na nilikuwa naona aibu vilevile. Sikujua nianzie wapi."

Karani alimweleza habari ya msafishaji na soketi. Kwa upande wa pili kukasikika kicheko kilichoanza chini kabisa, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi. Fundi alimwomba radhi kwa kumdhania. Karani alimwomba radhi kwa kumdhania zaidi. Walibaki kwenye simu mpaka maneno yakaisha, na yalipoisha hawakukata.

Mtihani ulikuwa Jumatano asubuhi, saa mbili hadi saa nne. Mkufunzi alikuwa ameweka makosa mapya. Walipata matatu katika saa ya kwanza. La nne likawatoa jasho: ruta ya tatu na ya nne zilikuwa zinasalimiana vizuri, muda ni sawa, eneo ni sawa, lakini kila zilipotaka kubadilishana habari za njia zilikwama katikati na kuanza upya. Karani alisoma maandishi yote mara mbili. Zikabaki dakika kumi na tano. Aliona masjala, makabati matupu, mlango uliofungwa.

Fundi aliweka kiganja chake juu ya mkono wake, kikakaa hapo. "Salamu zinapita kwa sababu ni fupi," alinong'ona. "Kinachokwama ni kirefu."

Karani alimtazama. Kisha akarudi kwenye skrini, safari hii akitafuta kitu kimoja tu, ukubwa wa pakiti, yaani kifurushi kimoja cha data, ambao kila upande unakubali kupokea. Upande mmoja ulikuwa umewekewa mia moja pungufu. Alisahihisha. Wakasubiri, mabega yamegusana, na mstari mmoja ukatokea kwenye skrini kusema kwamba ruta zile mbili sasa ni majirani kamili. Mkufunzi alipopita hakuguna. Aliandika, akavua miwani, akasema wamefaulu, wanaweza kwenda kula.

Jumapili Karani alikwenda kwao Fundi. Fundi ndiye aliyemwomba. Alisema ameifikiria ahadi yake, na kwamba mama alikataa kuwekwa mbele za watu, lakini yeye Fundi hamhesabu Karani kuwa miongoni mwa watu hao. Karani alivaa gauni la rangi ya maziwa lenye mkanda mwembamba, na shangazi alimzungusha mara tatu kabla ya kumruhusu atoke.

Nyumba ilikuwa ndogo, safi, dirisha limeelekea barabara. Mama aliketi kwenye kiti cha mikono, amevaa gauni la zambarau, nywele zake nyeupe zimesukwa vizuri na bintiye. Fundi aliingia na sinia la chai. Mama alimtazama yeye kama mke anavyomtazama mumewe, kisha akamgeukia mgeni, na uso wake ukaingia mashaka.

"Huyu ni nani?"

Fundi alisimama na sinia lake. Karani aliona alivyotafuta jibu na kulikosa. Hakuweza kuwa mwana na mume kwa wakati mmoja, na jibu la mmoja lingemponza mwingine. Vikombe vilianza kulia juu ya sinia.

Karani alivuta kigoda, akaketi karibu na magoti ya mama.

"Mimi ni mchumba wa mwanao," alisema.

Vikombe vikanyamaza.

"Mwanangu ana miaka sita," mama alisema.

"Amekua, mama."

Mama alimtazama muda mrefu, kama mtu anayejaribu kusoma kibao kutoka mbali. Aliuliza amekuwaje. Karani alimwambia ni mrefu, si msemaji, na vitu vya watu vikiharibika huvirudisha vikafanya kazi.

"Mimi ananikumbuka?"

"Kila siku."

Mama aliitikia kwa kichwa, akatulia. Kisha akamgeukia Fundi, na sauti yake ikawa na lawama ndogo. "Umesikia, mume wangu? Mtoto anaoa, na wewe hukuniambia."

"Nami nimesikia sasa hivi, kama wewe," Fundi alisema.

"Na unakubali?"

Hapo hakumtazama mama. Alimtazama yule mwanamke wa gauni la rangi ya maziwa, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda huku shingo yake imepata moto kwa ujasiri wake mwenyewe, naye sasa ndiye aliyekuwa akisubiri.

"Nakubali," alisema. "Nakubali kabisa."

Mama alinyoosha mkono, akaupapasa uso wa Karani kuanzia paji mpaka kidevu, akasema ni mzuri, na kwamba chai imiminwe kabla haijapoa. Kabla hawajamaliza kikombe cha kwanza aliuliza tena huyu ni nani, na kabla ya cha pili akauliza tena. Mara zote mbili Fundi alikuwa wa kwanza kujibu, bila kusita, kwamba ni mkwe wao. Na mara zote mbili mama aliweka kikombe chini, akapiga makofi taratibu, akafurahi upya.